Ndoo ya Vichwa vya Kamba

Saa kumi na mbili na robo, Taiping haijaamua
kama mvua inyeshe sasa au baada ya chai.
Mimi nimekwisha amua: meza ya tatu,
ile ya marumaru yenye ufa kama mto kwenye ramani,
chini ya pangaboi linalozunguka kwa kulalamika.

Kushoto, Kheng Huat na karai lake.
Makaa yamekolea, mafuta yanazomea.
Tambi pana za mchele zinaingia nyeupe, zina haya,
zinatoka zimeungua kingo, zimepata maneno.
Anapasua yai la bata kwa mkono mmoja,
anatupa choroko zilizochipua, majani ya vitunguu,
na mwisho kabisa, moto ukiwa bado na hasira,
kombe wa matope ya Kuala Sepetang:
sekunde tano, basi.
Ukizidisha, anasema, utatafuna kandambili.

Kulia, Geok Lan na sufuria yake ya uji.
Si uji wa kikombe, wa kunywa ukikimbilia kazini.
Mchele huu umechemka tangu saa tisa za usiku
hadi ukasahau kwamba uliwahi kuwa punje.
Ndani mna minofu ya changu, ngisi aliyekatwa miraba,
tangawizi nyembamba kama uzi wa fundi cherehani,
na juu, tone la mafuta ya ufuta
linakutazama kama jicho la shangazi:
umekonda, kula.

Walikuwa mume na mke miaka kumi na tisa.
Kwenye talaka mume alichukua redio na paka,
mke akachukua friji pamoja na mkopo wake.
Mkahawa haukugawanyika.
Hakuna aliyekubali kuacha kona yake,
na Bi Swee Kim mwenye nyumba
hapendi watu wanaohamisha meza.
Hawasemezani. Hata bei
wanapandisha kwa kuchunguliana ubao.

Lakini kila alfajiri, kabla ya wateja,
kijana Sutrisno huvuka sakafu na ndoo.
Vichwa vya kamba.
Kheng Huat huvikata, miili tu ndiyo huingia karaini;
vichwa huenda ng'ambo, hatua kumi, bila salamu.
Geok Lan huvikaanga, huvichemsha, huvichuja,
mpaka uji wake unapata ile rangi ya chungwa iliyofifia
ambayo watu hutoka Ipoh kuifuata.

Kamba gani hii, najiuliza nikikoroga kahawa
mpaka maziwa mazito ya kopo yainuke kutoka chini,
kamba gani hii isiyofunga kitu
na bado haikatiki?

Jumatano iliyopita ndoo haikuvuka.
Karai lilikuwa limefunikwa. Shavu la Kheng Huat
limevimba kama mkate wa mvuke.
Jino, alisema Sutrisno, gego la nyuma, limeng'olewa jana.
Alikuja kukaa tu. Hakujua asubuhi
huwa watu wengine wanaipeleka wapi.

Nikaonja uji wangu. Mwepesi,
kama barua isiyo na sahihi.

Ndipo nikamwona Geok Lan akipakua bakuli,
akiondoa ngisi, akiondoa tangawizi,
akiupuliza (nilimwona, msimwambie),
kisha akamkabidhi kijana:
"Mpelekee. Mwambie ni deni la vichwa,
asije akafikiri vinginevyo."

Alikula kwa upande mmoja wa mdomo, polepole,
macho ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi.
Akarudisha bakuli, limekwanguliwa,
na ndani yake ringiti tano.
Geok Lan akazitazama kwa muda mrefu kuliko fedha ile ilivyostahili.
Akafuta mikono kwenye aproni,
akarudisha senti hamsini.
Chenji.

Mvua ikaamua. Basi langu la saa moja likapita,
taa zake zikilowa.
Nikaagiza kahawa ya pili.